Matundu Mengi, Nguvu Moja: Kuunganisha Vifaa Kwenye Laptopu ya Kikundi



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha akina mama wa Kamagambo, au cha wakulima wa miwa upande wa Awendo, kikiwa na laptopu yake. Wengine wamepewa na mfadhili, wengine wamechanga shilingi kwa shilingi mpaka wakanunua. Hilo ni jambo jema. Lakini laptopu ikishafika haikai peke yake. Katibu anataka printa. Mweka hazina anataka mahali pa kuweka nakala za hesabu. Mwenyekiti anataka projekta ili mgeni akija aone picha ukutani. Na vijana nao wanataka kuchaji simu papo hapo. Laptopu yenyewe ina matundu mawili au matatu tu. Sasa tufanyeje?

Katika makala haya tutaeleza namna ya kuunganisha vifaa vingi kwenye laptopu moja bila kuiharibu na bila kupoteza hesabu za watu. Shikeni neno hili mapema: matundu yanaweza kuongezwa, lakini nguvu ya umeme haiongezeki kwa sababu tu umeongeza matundu.

YALIYOTUPATA SISI

Sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kikundi chetu kilikuwa kinagawana akiba mwezi wa Desemba. Tulikuwa tumenunua kile kifaa kidogo cha kuongeza matundu ya USB, ambacho wauzaji wanakiita habu. Chetu kilikuwa na matundu manne, na hakikuwa na waya wake wa stima. Tukachomeka mausi. Tukachomeka hadi diski ya nje, ambayo ndiyo ilikuwa na hesabu zote za mwaka. Tukachomeka skana ya kunakili vitambulisho. Likabaki tundu moja, na kijana mmoja akachomeka simu yake ipate chaji.

Haikuchukua dakika tano. Hadi diski ikaanza kulia tik, tik, tik. Taa yake ikafifia, halafu ikatoweka kabisa kwenye kompyuta. Ilipoonekana tena, faili ya hesabu ikakataa kufunguka.

Watu wameketi, wanangoja pesa zao za mwaka mzima. Minong'ono ikaanza. "Ati kompyuta imekula hesabu? Au ni mtu amekula?" Mama mweka hazina akanyamaza, akafungua mkoba wake, akatoa kitabu cha hesabu kile cha jalada gumu ambacho alikuwa hajaacha kukiandika kila mkutano. Tukasoma jina kwa jina mpaka giza likaingia. Haikupungua hata ndururu. Lakini mama yule alikuwa ameshasemwa bure mbele za watu, na neno likishatoka halirudi.

Kosa halikuwa lake, wala halikuwa la kijana wa simu. Ni sisi sote ambao hatukuelewa habu inafanya nini.

TUNDU LA USB NI KITU GANI?

Zamani kila kifaa cha kompyuta kilikuwa na tundu lake. Printa ilikuja na plagi pana ya pini 25, na mausi na kibodi zilikuwa na vichwa vyao vya mviringo. Mwaka 1996 makampuni kadhaa, yakiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, yalitoa mpango wa tundu moja la kutumikia vifaa vya aina nyingi. Hilo ndilo USB. Toleo la USB 2.0 lilikuja mwaka 2000, na USB 3.0 mwaka 2008. Hili la pili mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Mwaka 2014 likatoka USB-C, lile tundu dogo ambalo plagi yake huingia hata ukiigeuza juu chini.

Tundu la USB linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, linapitisha habari, yaani maandishi, picha na hesabu. Pili, linapitisha umeme wa kuendesha kifaa. Wengi wetu tunaikumbuka ile kazi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Upande wa habari, hakuna shida kubwa. Kwa kanuni za USB, njia moja inaweza kuhudumia hadi vifaa 127. Lakini usidanganyike na idadi hiyo! Ni kama kusema barabara ya kutoka Rongo kwenda Migori inaweza kupitisha malori mia moja. Ni kweli, inaweza. Lakini nani atayatia mafuta?

Upande wa umeme, tundu la kawaida la USB 2.0 limewekewa kiwango cha volti 5 na nusu ampea, yaani ampea 0.5. Ukizidisha unapata wati 2.5. La USB 3.0 limewekewa ampea 0.9, ambayo ni wati 4.5. Ni kidogo mno.

Sisi wa Rongo tunazijua mashine za kukamua miwa ya sukari guru. Injini ni moja. Ukiilisha miwa miwili mitatu, kazi inaenda. Ukisukuma mzigo wote kwa pamoja, injini inakoroma, inatoa moshi mweusi, inazima. Kupanua mdomo wa mashine hakukuongezei nguvu ya injini. Na habu isiyo na waya wa stima ni huko kupanua mdomo.

VIFAA VYA AINA TATU

Kabla ya kuchomeka chochote, pangeni vifaa vyenu mezani kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vifaa vinavyojitegemea. Hivi vina waya wao wa stima unaokwenda ukutani: printa, projekta, skrini kubwa. Kwenye laptopu vinapeleka na kupokea habari tu, havili umeme wake.

Fungu la pili ni walaji wadogo: mausi, kibodi, na flashi nyingi. Hawa wanakula umeme wa laptopu lakini kidogo, na wanaweza kukaa pamoja kwenye habu.

Fungu la tatu ni walaji wakubwa: hadi diski ya nje, modemu ya intaneti, skana isiyo na waya wa stima, na simu inayochajiwa. Hawa kila mmoja anaweza kumaliza nguvu ya tundu zima peke yake. Hadi diski ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Wakati sahani yake ya ndani inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, kama vile ng'ombe wa kulima anavyovuta kwa nguvu anapoanza mtaro. Umeme ukipungua katikati ya kuandika, habari zinaharibika.

HABU ZA AINA MBILI

Habu isiyo na adapta inapata umeme wake wote kutoka kwenye tundu moja la laptopu, kisha inagawa. Kwa kanuni ya USB 2.0, habu kama hiyo yenye matundu manne inatakiwa kutoa ampea 0.1 tu kwa kila tundu. Inatosha mausi na kibodi. Haitoshi hadi diski hata kidogo.

Habu yenye adapta ina waya wake wa kwenda ukutani. Laptopu inapeleka habari tu, umeme unatoka kwenye adapta. Hapa fanyeni hesabu kabla ya kulipa. Matundu manne ya ampea 0.5 yanahitaji ampea 2. Tafuteni maandishi kwenye adapta yenyewe: yasome volti 5, na ampea 2 au zaidi. Kama muuzaji hana adapta ya kuwaonyesha, basi hiyo ni habu ya mausi tu, hata kama ina matundu saba.

NAMNA YA KUUNGANISHA, HATUA KWA HATUA

1. Chomekeni chaja ya laptopu kwanza. Msianze kazi ya siku nzima kwa betri.

2. Hadi diski ichomekwe kwenye tundu la laptopu lenyewe, si kwenye habu. Hapo ndipo hesabu zinapokaa, kwa hiyo ipewe kiti cha mbele.

3. Habu ichomekwe kwenye tundu la pili. Kama ina adapta, washeni adapta kabla ya kuchomeka vifaa.

4. Mausi, kibodi na flashi ziende kwenye habu.

5. Printa ipate stima yake ukutani, na waya wake wa USB, ule wenye kichwa cha mraba upande wa printa, unaweza kupita kwenye habu bila shida. Printa nyingine zinataka programu yake, inayoitwa draiva, iwekwe kwenye laptopu kabla ya kuchomeka waya. Someni karatasi iliyokuja nayo. Kazi hii ifanyeni nyumbani siku moja mbele, maana huenda ikahitaji bando, na mkutanoni hamtakuwa na muda.

6. Chomekeni kifaa kimoja, ngojeni mpaka laptopu ikitambue, kijaribuni, ndipo mwende kwa kingine. Mkichomeka vyote kwa pamoja na kitu kikakataa, hamtajua mkosaji ni nani.

7. Waya zisiwe ndefu ovyo. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Zipitisheni kando ya ukuta, si katikati ya miguu ya watu na watoto.

8. Mkimaliza, msichomoe flashi au hadi diski kwa kuinyakua. Fungeni faili, bonyezeni ile alama ndogo iliyo karibu na saa kwenye skrini inayoruhusu kutoa kifaa, ngojeni taa itulie, ndipo mchomoe.

Na je, kama matundu bado hayatoshi? Punguzeni waya. Intaneti inaweza kutoka kwenye simu kupitia Wi-Fi, bila modemu wala waya. Printa nyingine pia zinapokea kazi kwa Wi-Fi. Simu za watu zichajiwe ukutani, si kwenye laptopu ya kikundi. Hiyo iwe sheria, na iandikwe.

PICHA UKUTANI

Projekta haitumii tundu la kawaida la USB kuleta picha. Kuna njia mbili zinazoonekana sana huku kwetu. VGA ni ile ya zamani yenye pini 15 na skrubu mbili. Inaleta picha bila sauti. HDMI ni nyembamba na bapa, na inaleta picha pamoja na sauti. Laptopu mpya nyingi hazina VGA, na projekta nyingi za zamani hazina HDMI. Basi kabla ya kuazima projekta ya shule au ya kanisa, mtu aende aitazame kwa macho. Kama hazilingani, inahitajika adapta ya kubadilisha picha kutoka HDMI kwenda VGA, na hiyo hainunuliwi asubuhi ya mkutano.

Laptopu nyingine zina tundu la USB-C. Hapa tahadhari: matundu haya yanafanana kwa umbo lakini si kwa kazi. Jingine linapitisha picha, jingine halipitishi. Jingine linapokea chaja, jingine hapana. Na kama laptopu ina tundu moja tu la USB-C ambalo pia ndilo la chaja, mkichomeka projekta hapo mmekosa pa kuchajia. Mwulizeni muuzaji, tena mwambieni awaonyeshe likifanya kazi.

Mkishachomeka na ukuta bado mweusi, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, halafu mchague picha ionekane mahali pote pawili. Mara nyingi shida inaishia hapo.

STIMA, SOLA NA RADI

Stima ya ukutani Kenya ni volti 240. Ekstensheni nzuri yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000. Laptopu na printa ndogo hazikaribii hapo. Lakini akina mama wakichomeka birika la stima la kuchemshia chai kwenye ekstensheni hiyo hiyo, hilo peke yake linaweza kula wati 2,000 au zaidi. Chai ipikwe kwenye soketi nyingine. Na msiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, wala msivunje ile pini ya juu ya plagi. Pini hiyo ni ya usalama wa mtu.

Kwa vikundi vinavyotumia sola na inveta, hesabu ni ya lazima. Tuseme inveta ni ya wati 300. Laptopu inachukua karibu 65, printa ya wino wa maji karibu 30, habu yenye adapta 15. Jumla ni 110. Mko salama. Mkiongeza projekta ya taa ya wati 250, mmefika 360. Inveta itazima. Basi chapeni karatasi kwanza, zimeni printa, ndipo mwashe projekta. Hata hapo jumla ni 330, kwa hiyo chomoeni chaja, laptopu itumie betri wakati wa picha. Sasa mmebaki na 265. Na printa ya leza isiguswe na inveta ndogo kamwe, maana inapopasha moto roli yake inaweza kuvuta wati mia kadhaa, hata kupita 1,000.

Halafu kuna radi. Huku kwetu, kati ya ziwa na vilima vya Kisii, radi si hadithi. Radi ikipiga karibu na nyaya, umeme wake unapita kwenye ekstensheni, unaingia chaja, unaingia laptopu, na kwa sababu mmeunganisha vyote kwa waya, unatembelea printa, habu na hadi diski pia. Mkisikia ngurumo alasiri, fungeni faili na mchomoe plagi kutoka ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

DALILI ZA SHIDA

Kifaa kikiingia na kutoka chenyewe, hiyo ni njaa ya umeme. Kihamisheni kwenye tundu la laptopu, au mpunguze vingine.

Hadi diski ikilia tik, tik, msingoje. Fungeni faili, mchomoe, muipe tundu lake peke yake. Ikiendelea kulia hata peke yake, mpelekeeni fundi kabla haijafa.

Laptopu ikisema haikitambui kifaa, badilisheni waya kwanza. Waya wa bei rahisi ndio mkosaji mara nyingi, kisha draiva.

Printa ikikataa ingawa taa inawaka, angalieni kama kuna kazi ya zamani iliyokwama kwenye foleni. Ifuteni, mzime printa, mwashe tena.

DAFTARI LISIACHWE

Tumeongea mengi juu ya waya, lakini kiini ni uaminifu. Sheria ya Kenya ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi. Watu kumi ni familia kumi, ni karo na dawa za nyumba kumi. Mambo yao yasikae mahali pamoja tu.

Wekeni hesabu mahali patatu. Moja, ndani ya laptopu yenyewe. Mbili, kwenye flashi au hadi diski inayolala nyumba tofauti na laptopu, ili mwizi au moto usichukue vyote. Flashi hiyo isipelekwe kuchapisha kwenye saiba, maana inaweza kurudi na virusi. Tatu, kwenye kitabu, kwa kalamu, na wanachama wawili watie sahihi kila mkutano. Faili ifanyiwe kazi ndani ya laptopu, halafu inakiliwe kwenye diski mwisho wa mkutano. Hapo hata diski ikitoweka katikati ya kazi, hakuna kilichopotea.

Sisi tulinunua habu yenye adapta baadaye. Inafanya kazi vizuri. Lakini kila mkutano mama mweka hazina bado anafungua kile kitabu cha jalada gumu, na hakuna tena anayemcheka.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Vifaa vyetu ni vingapi, na kila kimoja kiko fungu gani kati ya yale matatu?

2. Habu yetu ina adapta? Imeandikwa ampea ngapi?

3. Kama laptopu ikiibiwa usiku wa leo, tutasoma wapi hesabu kesho asubuhi?

4. Nani kati yetu, kijana na mzee, watafundishwa kuunganisha vifaa, ili kazi isikwame mmoja akisafiri?

Jibuni hayo kwa pamoja kabla ya mkutano wenu ujao. Kazi njema.